Ndoa Inapovunjika, Nani wa Kukusikiliza?

Ndoa ikianza kuyumba kwetu, watu hawakosekani. Mshenga anatafutwa tena baada ya miaka, wazazi wa pande mbili wanaitisha kikao, shangazi anapanda basi kutoka mkoani, shehe au mchungaji anaombwa aseme nao, na wasimamizi waliosimama nanyi siku ya harusi wanakumbushwa dhamana yao. Wote wanakuja kwa kazi moja, kuinusuru ndoa. Ni kazi ya heshima. Lakini siku inapodhihirika kwamba ndoa haitapona, kazi yao inakuwa imekwisha, na wengi hurudi makwao. Anayebaki kuukabili usiku ni wewe.

Mwongozo huu ni wa aliyefika hapo, mke au mume, anayesubiri talaka au aliyekwisha kuipata na bado usingizi haujarudi. Ninalo jambo moja la kukusihi, na mengine yote yanatoka humo: usimtwike mtu mmoja usuluhishi, ushahidi, mambo ya sheria na machozi yako. Wagawie watu kazi. Na katika hao, hakikisha yupo angalau mmoja ambaye kazi yake ni kukusikiliza tu.

Kwanza usalama

Kama katika ndoa hiyo kuna kipigo, vitisho au kulazimishwa, usianze kwa kutafuta wa kukufariji. Anza kwa kutafuta pa kulala palipo salama. Vituo vingi vya polisi Tanzania vina Dawati la Jinsia na Watoto, na hapo ndipo pa kuandikisha taarifa na kupewa PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Ukiwa na hofu juu ya watoto, piga 116, namba ya Huduma ya Simu kwa Mtoto, haitozwi. Atakayekuambia urudi ukavumilie huku uso umevimba, hata akiwa mtu unayempenda na kumheshimu, mwombe radhi na usimfuate.

Gawanya watu wako

Tanzania Bara, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mgogoro upite kwanza Baraza la Usuluhishi wa Ndoa kabla shauri la talaka halijafunguliwa mahakamani, isipokuwa katika mazingira machache ambayo sheria yenyewe imeyataja. Yapo mabaraza ya kata, yapo ya BAKWATA kwa Waislamu, yapo ya makanisa. Baraza likishindwa kuwapatanisha hutoa hati, na hati hiyo isiwe imepita miezi 6 siku unapofungua shauri.

Nimeyataja haya kwa sababu watu wengi huingia barazani wakidhani wanakwenda kufarijiwa, na hutoka wamejeruhiwa zaidi. Pale utaulizwa nani alihama chumba, nani alianza kutukana, fedha za ada zilikwenda wapi. Mwenzako atakuwa ameketi hapo hapo, akisema yake, na utasikia ukisemwa kwa namna ambayo hukutarajia. Wajumbe hawaruhusiwi kuwa wako. Ndiyo haki yenyewe ilivyo: lazima wasikilize pande zote. Basi nenda ukijua hivyo, na uwe na mtu anayekungoja nje. Mwambie mapema kazi yake: akupeleke mahali mnywe chai, akae nawe, asikuulize wamesema nini mpaka wewe mwenyewe uanze. Usirudi nyumbani peke yako siku ya baraza wala siku ya mahakama.

Wazazi ni jambo gumu zaidi. Mama yako naye amefiwa na kitu. Alicheza siku ile, aliwajibu majirani, aliwapokea wakwe. Baba huenda anawaza mahari, hasa kule ambako ng'ombe walitoka na sasa kuna maneno ya kuwarudisha. Wanakupenda, lakini uchungu wao unaingia mbele ya wako, na ukiwalilia kila siku utajikuta wewe ndiye unayewabembeleza. Pokea wanachoweza kutoa vizuri: chumba, chakula, mikono ya kuwalea wajukuu. Wape muda katika mengine.

Kuna msiba mwingine ambao hausemwi sana, nao ni wa kupoteza upande wa pili. Wifi aliyekuwa rafiki yako kwa miaka 10, mama mkwe aliyekupokea kama binti, shemeji mliyetaniana kila sikukuu: karatasi ya mahakama haiwafuti moyoni. Si lazima uwakate. Watoto wako bado ni damu yao, na shangazi mzuri ni hazina kwa mtoto ambaye nyumba yake imegawanyika. Ila usimweke wifi katikati. Usimwulize kaka yake analala wapi, usimtume maneno, usimtake awe shahidi. Salimianeni, zungumzeni habari za watoto, na uchungu wa ndoa upeleke kwingine.

Sasa msikilizaji wako. Chunguza anavyozisema ndoa za wengine. Anayekuletea siri za mwenzake leo atazipeleka zako kesho. Mjaribu kwanza kwa jambo dogo, uone kama litarudi kwako kupitia mdomo mwingine. Aliyepitia talaka mwenyewe ni mtu wa thamani sana ikiwa ametulia. Yule ambaye bado anapigana na mtalaka wake atakukaribisha kwenye vita vyake, na wewe una vyako. Usiangalie umri wala elimu. Wengine hupata msikilizaji wao kwa jirani, kwa mfanyakazi mwenza, kwa mama mwenye duka la pembeni anayejua kunyamaza.

Pwani tunaye somo, au kungwi. Huyu ndiye aliyepewa kusikia yale ambayo binti hawezi kumwambia mama yake mzazi, na uhusiano huo haukupaswa kuishia siku ya harusi. Kama somo wako yuko hai na ana kifua cha siri, mrudie. Ila ukiona kila unalosema anakujibu kwa subira, subira, basi bado yuko kwenye kazi ya kuinusuru ndoa. Muamkie kwa heshima zote, na machozi yako umpelekee mwingine.

Namna ya kuomba

Watu wengi hawakosi wa kuwasikiliza. Hukosa namna ya kuomba. Tunasema "nipo, nashukuru Mungu" huku tunazama, halafu tunaumia kwamba hakuna aliyegundua. Omba kwa maneno yaliyo wazi. Mwambie: "Dada, naomba nusu saa yako jioni. Sitaki ushauri leo, nataka unisikilize tu, na naomba haya yabaki kwetu." Maneno hayo yanampunguzia naye mzigo, maana wengi hutoa ushauri kwa kuogopa ukimya.

Na unapohitaji msaada wa mikono, utaje kwa jina na kwa siku. "Nisaidie" ni neno kubwa mno. Anayelisikia hajui aanzie wapi. "Naomba Jumamosi ukae na watoto kuanzia saa tatu hadi saa saba" ni jambo ambalo jirani anaweza kulijibu ndiyo au hapana. Ukiwa na wasikilizaji wawili au watatu, wazungukie, ili asiwepo anayechoka.

Kundi la WhatsApp halisikilizi. Wala la kikoba, wala la akina mama wa mtaa, wala la waliosoma pamoja. Ukituma sauti yako ukilia saa sita usiku, asubuhi itakuwa kwenye simu usizozijua, na huenda siku moja ikafika mezani kwa hakimu. Hali kadhalika ujumbe wa hasira kwa mwenzako. Usiku andika kwenye daftari, yote, bila kujizuia. Asubuhi soma, kisha amua kama kuna sentensi moja inayostahili kutumwa. Mara nyingi haipo.

Hofu nyingine zinataka jibu, hazitaki faraja

Hapa ndipo marafiki wema hukosea. Unalia kwamba watoto watachukuliwa, naye anakukumbatia na kusema "Mungu atakusaidia". Kumbatio ni jema, lakini hofu ile inatokana na kutojua, na tiba yake ni kujua.

Kuhusu watoto, sheria inaweka mbele ustawi wa mtoto, na aliye chini ya miaka 7 hudhaniwa kuwa ni vyema akae na mama yake, ingawa dhana hiyo yaweza kupingwa kwa sababu za msingi. Kuhusu mali, mwanamke ambaye hakuwahi kuajiriwa hapaswi kuamini kwamba atatoka mikono mitupu. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Kiasi cha mgawo hutegemea ushahidi wa kila shauri, lakini kauli ya "hukuchuma chochote" ilikwisha kujibiwa na mahakama ya juu kabisa nchini.

Kwa hiyo mtafute wa sheria mapema, ili msikilizaji wako abaki na kazi yake. TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, na WLAC, kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake, wamefanya kazi hii kwa miaka mingi. Tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, wasaidizi wa kisheria wanatambulika rasmi, na wengine wako wilayani na katani kwako. Uliza ofisi ya halmashauri. Kwa wakazi wa Dar es Salaam, Temeke kipo kituo jumuishi cha mahakama kwa masuala ya familia, kilichoanza mwaka 2021, ambako mashauri ya ndoa na mirathi husikilizwa katika jengo moja. Ukitoka kuonana na mwanasheria, andika alichokuambia siku hiyo hiyo, maana kichwa chenye huzuni husahau haraka.

Imani, na wanaouza matumaini

Wakatoliki wengi walioachana mahakamani hujitenga na meza ya Bwana kwa aibu, wakidhani kanisa limewafukuza. Kanisa lao halivunji ndoa ya sakramenti, hilo ni kweli. Lakini aliyetengana au kupewa talaka ya serikali, na hajaingia katika muungano mwingine, hazuiwi sakramenti kwa sababu ya talaka peke yake. Nenda kwa paroko ukamwulize waziwazi. Jumuiya ndogo ndogo nayo yaweza kuwa mahali pa kushikwa mkono, ila isiwe mahali pa kueleza yaliyotokea chumbani.

Kwa Mwislamu, eda ina uzito wake. Kwa anayepata hedhi ni tohara tatu, kwa asiyepata ni miezi 3, na kwa mjamzito ni mpaka ajifungue. Katika talaka rejea, mke ana haki ya makazi na matumizi muda wote wa eda, na mume anaweza kumrejea. Wiki hizo ni nzito kwa sababu moyo unasubiri: kila mlio wa simu unadhani ni yeye. Hapo msikilizaji mwenye kukusukuma upande wowote atakuumiza. Tafuta anayeweza kukaa nawe katika kutojua. Na kama hukumu za talaka zenyewe hazikueleweka, mwulize kadhi au shehe mwenye elimu badala ya kuokota fatwa za barazani.

Nina hasira ya kweli na wale wanaobandika karatasi kwenye nguzo za umeme wakiahidi kumrudisha mume au mke ndani ya siku chache. Wapo pia wanaouza maji na mafuta madhabahuni kwa ahadi ile ile. Wanamjua mteja wao: ni mtu asiyelala, mwenye haya ya kuwaambia nduguze, aliye tayari kuuza hata cherehani yake. Wanachukua fedha ya nauli ya mahakama na ada ya mtoto, na mwisho wanakuachia lawama kwamba hukuwa na imani ya kutosha. Mwambie msikilizaji wako mapema: "Ukisikia nataka kwenda huko, nizuie."

Neno kwa wanaume

Mwanamume anayeachana hupewa pole mara moja, kisha anaambiwa wanawake wako wengi. Kijiweni jambo lake linageuzwa utani siku hiyo hiyo. Anapanga chumba, anakula chipsi kila usiku, anakunywa zaidi ya alivyozoea, anaanza uhusiano mpya kabla hajajua ule wa kwanza ulivunjikia wapi. Ukimwuliza, anasema yuko poa.

Ndugu yangu, kutowaona wanao wakiamka asubuhi ni uchungu, na una haki ya kuusema. Kama kukaa uso kwa uso na kuzungumza kunakushinda, usilazimishe. Wanaume wengi huongea vizuri mikono ikiwa na kazi: mkitembea, mkipalilia, mkirekebisha pikipiki. Mchague mmoja, baba mdogo au rafiki wa utotoni, mwambie mfuatane shamba au mwende mkaangalie mechi, na njiani sema sentensi moja tu ya kweli: "Hali yangu si nzuri." Nyingine zitafuata. Pombe iweke mbali hasa Ijumaa jioni na siku ambayo watoto wamerudi kwa mama yao, kwa kuwa nyumba tupu na chupa havijawahi kupatana kwa heri.

Mtoto si msikilizaji wako

Kwa kawaida mzigo humwangukia binti mkubwa. Anamwona mama analia, anaacha daftari, anakuja kukaa naye, na baada ya miezi michache anajua siri za ndoa kuliko wakili. Usimruhusu. Mwambie ukweli wa kimo chake: baba na mama hawataishi pamoja tena, kosa si lake, na wote wawili wanampenda. Kisha mwarifu mwalimu wa darasa kwa maneno machache, ili alama zikishuka au mtoto akianza ugomvi, shule ijue chanzo badala ya kuchukua fimbo.

Lini kumwona mtaalamu

Huzuni ya talaka ina mawimbi, na kulia kila siku katika majuma ya mwanzo si ugonjwa. Lakini kama wiki 2 zimepita mfululizo na huli, hulali, huwezi kufanya kazi, hufurahii hata kile ulichokipenda, nenda kituo cha afya ukaseme hivyo hivyo. Omba rufaa ya huduma ya afya ya akili. Hospitali za rufaa za mikoa zinazo, Muhimbili ipo, na Mirembe ya Dodoma ni hospitali ya taifa ya afya ya akili. Jina la Mirembe lisikutishe. Miaka mingi limetumiwa kama tusi, na kwa sababu ya tusi hilo watu wamekufa wakiwa na ugonjwa unaotibika.

Ukianza kufikiria kufa, usingoje wiki 2 wala siku 2. Mwambie mtu saa hiyo, akae nawe, vidonge na sumu zote ziondolewe ndani, mwende hospitali iliyo karibu.

Mtaalamu si lazima awe na kiti cha ngozi. Zimbabwe, mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianzisha mpango wa Friendship Bench: bibi wa mitaani walifunzwa, wakawekewa benchi nje ya zahanati, wawasikilize wenye sonona na wasiwasi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa, baada ya miezi 6, walioketi na bibi hao walikuwa na dalili chache za sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida. Wazo hilo limefika hadi Zanzibar. Bibi hao humsaidia mtu kuchagua tatizo moja tu la kuanza nalo, kwa kuwa mambo yote kwa pamoja hayashikiki. Hilo unaweza kumwomba msikilizaji wako pia: mkishamaliza kulia, mchague jambo moja la wiki hii. Pengine ni kufungua akaunti yako ya benki. Pengine ni kulala kabla ya saa tano.

Angalia pia kalenda yako. Idi ya kwanza, Krismasi ya kwanza, mwisho wa mwezi wa kwanza unaolipa pango peke yako, harusi ya mdogo wako ambako utaulizwa shemeji yuko wapi: zote unazijua kabla hazijafika. Panga sasa utakuwa na nani siku hizo, na uwe na jibu fupi la waulizaji. "Tumeachana, tunaendelea vizuri, habari za nyumbani?" linatosha.

Leo hii, kabla hujalala, andika majina mawili ya watu wa kukusikiliza, na kesho umpigie wa kwanza. Kama umekaa na kalamu na hata jina moja halikuja, nenda asubuhi ya siku ya kazi kwenye ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako. Maafisa wale hushughulikia pia mashauri ya ndoa na matunzo ya watoto, kwa hiyo sema mapema kwamba hukuja kusuluhishwa wala kushtaki: umekuja kwa sababu huna mtu wa kuongea naye.